Hapa nyuma mbona pameingia ndani? Maswali yenu ya mabega

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu juu ya maumivu ya bega, na barua zilizorudi zimejaa mkoba. Nimechagua tano. Kabla sijajibu, niwaeleze kwa nini jambo hili linanishika moyo.

Nilicheza voliboli tangu shule ya upili mpaka nikaolewa. Wiki ya harusi, somo wangu alikuwa akinisinga, mimi nimelala kifudifudi juu ya mkeka, harufu ya liwa imejaa chumba. Mkono wake ukasimama nyuma ya bega la kulia. Akagusa la kushoto, akarudi la kulia. "Mwanangu," akasema, "hapa nyuma mbona pameingia ndani?" Kushoto nyama ilikuwa imejaa. Kulia palikuwa na bonde la kuingia vidole vitatu vya mwanamke mzima. Sikuwa na maumivu hata kidogo, na mkono huo ndio uliokuwa ukifunga mechi. Jina la bonde lile nililijua baadaye, nilipoingia chuo kusomea fiziotherapia. Tangu hapo sijawahi kumpima mchezaji bila kumzungusha kwanza nitazame mgongo wake.

*Salaam aleikum Bi. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya wasichana huku Kisauni. Mpigaji wangu tegemeo, yuko kidato cha 3, bega lake la kulia limekonda upande wa nyuma. Haumwi, na sevu yake bado inatisha. Nimpumzishe, au ndivyo mwili unavyojizoesha na mchezo? Na wenzake niwafanyie nini wasifike hapo? – Mwalimu wa voliboli, Kisauni*

Waaleikum salaam, mwalimu. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaketi, nikaisoma tena. Nakushukuru kwa kumtazama mtoto mgongoni. Mwalimu wangu mimi alitazama ubao wa pointi.

Mwili haujizoeshi hivyo. Nyuma ya kombe la bega, ule mfupa bapa wa mgongoni, pana msuli wenye kazi mbili: kuuzungusha mkono kwenda nje, na kuukamata mkono ukishapiga mpira usije ukachomoka. Neva inayoupa msuli huo amri hukunja kona kwenye ukingo wa mfupa, kama kamba ya nanga inavyokunja kwenye ukingo wa dau. Kila sevu na kila smashi huivuta pale pale konani, na sevu ya kuelea, ambayo mkono hukatizwa ghafla baada ya kupiga, huivuta vibaya zaidi. Miaka ikipita neva huchoka, amri hazifiki, na msuli hunywea. Neva hiyo haihusiki na hisia za ngozi, kwa hiyo mchezaji hapati ganzi, na mara nyingi hapati maumivu pia. Huko Austria walipochunguzwa wachezaji wa kulipwa wa voliboli ya ufukweni, karibu 3 kati ya kila 10 walikuwa na bonde kama la msichana wako. Watu wanaopata riziki kwa bega hilo!

Sasa, kwa nini sevu bado inatisha? Kwa sababu nguvu ya kupiga haitoki nyuma. Inatoka miguuni na kiunoni kwanza, kisha kifuani na kwenye ule msuli mpana unaopanda kutoka kiunoni hadi kwapani. Julius Yego aliporusha mkuki mita 92.72 kule Beijing mwaka 2015, tazama tena picha zake uone miguu inavyofanya kazi kabla mkono haujasema neno. Hiyo yote ni misuli mikubwa, na kila mazoezi ya voliboli yanaikuza. Misuli ya nyuma ya bega ni midogo, na mchezo wenyewe hauikuzi kwa kasi hiyo hiyo. Mwaka hadi mwaka, anayesukuma anaongezeka nguvu na anayekamata anabaki pale pale, au anapungua.

Na bega, mwalimu, haliwezi kuvumilia hilo kama nyonga inavyovumilia. Nyonga imekaa ndani ya kikombe kirefu. Bega ni ndimu juu ya kisahani cha kahawa. Kinacholizuia lisiteleze ni misuli inayolivuta pande zote, kama mlingoti wa jahazi unavyosimama kwa kamba zake. Ukikaza kamba za mbele peke yake, mlingoti unainama, na huo ubao unaosugua ubao ndio maumivu yatakayokuja baada ya miaka. Kwa warushaji wa besiboli kule Marekani, mkono huzunguka begani kwa kasi ya digrii 7,000 kwa sekunde. Ungeendelea hivyo kwa sekunde nzima, ungezunguka mara 19. Kuna msuli mdogo nyuma unaotakiwa kuusimamisha.

Nina kifaa nilichonunua Marikiti: mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Ifunge kwenye grili ya dirisha usawa wa kiwiko, sharti mchezaji aishikilie kwa kiwiko kilichobanwa ubavuni, kiwiko kimekunjwa pembe mraba. Kwanza avute kuelekea tumboni, usome kilo. Kisha ageuke, avute kuelekea nje, usome tena. Rudia mara tatu kila upande, uchukue kubwa. Kwa mtu ambaye hajaharibika, nguvu ya nje hufikia theluthi mbili za nguvu ya ndani, au zaidi kidogo. Mwezi huu nilimpima msichana aliyevuta kilo 14 kwenda ndani na kilo 6 kwenda nje. Alikuwa akicheka, akidhani mizani imeharibika, mpaka tukabadilisha mkono: 12 na 9.

Huyu wako asipige sevu wala smashi mpaka apelekwe hospitali akachunguzwe neva na kupigwa picha ya bega. Sikutishi, ni kwamba wakati mwingine pale konani huota kifuko cha maji kinachoibana neva, na hicho matibabu yake ni mengine kabisa. Katika muda huo apokee mipira ya chini, akimbie, aruke. Usimweke kando ya uwanja akashika chupa za maji; wachezaji wa namna hiyo huvunjika moyo na kuacha.

Wenzake, anza nao kesho. Norwe walichukua timu 45 za juu za mpira wa mikono, baadhi wakazipa mazoezi ya bega ya dakika 10 wakati wa kupasha mwili, mara 3 kwa wiki, nyingine zikaendelea na kawaida yao. Msimu ulipokwisha, hatari ya matatizo ya bega kwa waliofanya mazoezi ilikuwa chini kwa asilimia 28. Dakika 10 hizo hazihitaji jimu. Nenda kwa fundi wa baiskeli akupe tyubu kuukuu, ukate vipande vya urefu wa mita moja na nusu. Funga kwenye nguzo ya wavu. Mchezaji akunje leso, aibane kati ya kiwiko na ubavu, kisha avute tyubu kwenda nje na kuirudisha polepole akihesabu mpaka 4. Ile leso ikianguka, amekosea. Kurudisha polepole ndiko kunakomfunza msuli kukamata. Ukiachia tyubu irudi yenyewe umefanya nusu ya kazi, tena nusu isiyo na faida kubwa. Mara 12, mizunguko 3, mikono yote miwili.

*Bi Daktari, binti yangu ana miaka 12, anaogelea siku tano kwa wiki hapa Nyali. Nimeanza kuona mabega yanakunjika mbele, hata akivaa sare ya shule anaonekana kama mzee. Naambiwa aogelee zaidi kwa mgongo ili yarudi. Ni kweli? Na amesema bega linamuuma kidogo, kocha akasema kila muogeleaji huumwa. – Mama, Nyali*

Mamake, nianze na hilo la mwisho, kwani ndilo lililonikera. Mtoto wa miaka 12 kuumwa bega si ada ya kulipia mchezo. Akisema linauma, siku hiyo apige miguu tu, na tujue kwa nini.

Hebu tuhesabu pamoja. Mtindo huru, mita 25, mtoto wa umri huo huzungusha mkono kama mara 18. Wakiogelea mita 3,000 kwa siku, ni urefu 120, yaani mikono 2,160. Mara siku tano: 10,800 kwa wiki. Nusu yake ni bega moja. Hakuna mchezaji wa voliboli Mombasa nzima anayepiga sevu 5,000 kwa wiki. Kila mkono ukiingia majini unavutwa chini na ndani, kwa kifua na kwa ule msuli mpana wa mgongo, na hiyo ndiyo misuli inayolipeleka bega mbele. Kwa hiyo muogeleaji hana upande mmoja mwembamba kama mpiga voliboli. Kwake tofauti ni ya mbele na nyuma, kwenye mabega yote mawili, na ndiyo maana mzazi huchelewa kuiona: hakuna bega zima la kulinganisha nalo.

Kuogelea kwa mgongo hakurudishi. Najua linaonekana jambo la akili: ukigeuka, basi kazi imegeuka. Lakini mtazame mkono wake chini ya maji. Bado unasukuma maji kuelekea mapajani, bado ni msuli mpana ule ule. Kubadilisha mitindo ni kuzuri kwa sababu kunapunguza marudio ya aina moja, na mtindo wa chura hulipa bega pumziko. Dawa ya mabega yaliyokunjika, hata hivyo, iko nchi kavu.

Alale kifudifudi kitandani, paji la uso juu ya taulo, mikono mbele kama herufi Y, vidole gumba vikitazama dari. Anyanyue mikono kidogo tu, shingo imelegea, ashikilie kwa hesabu ya 3, ashushe. Mara 10, mizunguko 2. Atachoka katikati ya kombe za mabega, na pale ndipo penyewe. Kisha asimame mbele ya ukuta, viganja ukutani, viwiko vimenyooka, ausukume ukuta mpaka kombe za mabega zitanuke mbavuni, arudi. Msuli unaofanya hivyo umeshikamana na mbavu chini ya kwapa. Kwenye mtindo huru haupumziki hata mara moja, na ukichoka kombe la bega linabaki nyuma, mfupa wa mkono unagongana na paa la bega, yaani ule mfupa unaolifunika bega kwa juu. Maumivu mengi ya waogeleaji yanaanzia kwenye uchovu huo.

Kwa kocha wake, mpelekee maswali mawili kwa upole. Je, binti anavuta pumzi upande mmoja tu? Na mkono wake unapoingia majini, unavuka mstari wa kichwa? Kama jibu ni ndiyo kwa lolote, warekebishe hilo kabla ya kuongeza mita. Na vile vibao vya plastiki vya kuvaa viganjani avivue kabisa kwa sasa. Kwa bega lake, kuvivaa ni sawa na kumbebesha debe mtoto anayejifunza kutembea.

*Dada, mimi napiga chuma jimu moja Majengo, miaka miwili sasa. Kifua kimejibu, mabega ya mbele yamejibu. Lakini nikiinua mkono wa kulia juu ya kichwa, katikati hapo pananichoma, nikipita pale maumivu yanaisha. Pia nina mazoezi ya ndondi jioni. Nipumzike au nikaze? – Kijana wa Majengo*

Ndugu yangu, hebu niandikie ratiba yako ya wiki moja: siku ngapi unalala benchi ukisukuma chuma, pushapu ngapi, ngumi ngapi kwenye gunia. Sasa andika pembeni ni mara ngapi unavuta kitu kuelekea kwako. Nimefanya hivi na vijana wengi wa jimu, na safu ya pili karibu kila mara huwa tupu, kwa sababu misuli ya nyuma haionekani kwenye kioo.

Pale panapokuchoma ukiinua mkono nusu, kano imebanwa kati ya mfupa wa mkono na paa la bega. Kifua kilichokaza kimelivuta bega mbele na nafasi ya kano imepungua. Ndondi inaongeza. Bondia husukuma kwa kasi, na gunia humkamatia mkono, kwa hiyo nyuma ya bega haipati hata ile kazi ya kuukamata. Ngumi ikikosa gunia ndipo bega linashtuka, na ndiyo maana mabondia wengi watakwambia waliumia kwa ngumi iliyopiga hewa.

Usipumzike kabisa, na usikaze. Kwa wiki 6 ondoa kusukuma chuma juu ya kichwa, punguza benchi iwe siku moja, na chuma kisishuke mpaka kugusa kifua. Kila mara 10 unazosukuma, vuta mara 20: ukiinama na chuma mkononi, au kwa tyubu iliyofungwa mlangoni, kombe za mabega zikikutana nyuma. Lala ubavu ukiwa na chupa ya maji ya nusu lita mkononi, kiwiko juu ya mbavu, izungushe kwenda juu. Utaona aibu kwa uzito huo mdogo, nakuambia mapema. Vijana wanaosukuma kilo 80 wametetemeka mbele yangu na chupa ya maji.

Ukiamka usiku kwa maumivu, au mkono ukishindwa kuinuka wenyewe, acha haya yote uende hospitali.

*Mimi ni kipa. Wenzangu wananicheka nikifanya mazoezi ya mikono, wanasema kandanda ni miguu. – Kipa, Tudor*

Wewe ndiye kati ya 11 ambaye bega lako linagonga ardhi kwa kazi. Kurusha mpira hukujenga mbele kama mrushaji yeyote, na kudaka mkono ukiwa juu umenyooka ndiko kunakochomoa mabega ya makipa. Fanya ile tyubu na ile Y. Na ukianguka, jifunze kubingiria badala ya kujizuia kwa kiganja.

*Bi, babangu ana miaka 63. Amepiga makasia na kuvuta nyavu hapa Mtongwe tangu akiwa kijana, hajawahi kulalamika bega. Mimi nimecheza tenisi miaka minne tu kwenye kilabu, na bega la raketi tayari limeshuka chini kuliko lingine na linauma. Ananiambia sisi vijana tumeumbwa kwa maji. Anasema kweli? – Kijana wa Mtongwe*

Mpe babako salamu zangu za heshima. Swali lake nimelifikiria wiki nzima.

Bega la raketi kushuka si ugonjwa peke yake. Mkono unaotumika zaidi hujaa na kuwa mzito, na kano zinazouning'iniza hulegea kidogo. Wachezaji wakubwa wa tenisi wanalo bega la namna hiyo. Hata mfupa wa mkono hunenepa kwa aliyeanza utotoni. Linalouma kwako nadhani ni kitu kingine: bega limezoea kwenda nyuma sana kwa ajili ya sevu, na nyuma yake pamekaza. Jaribu hivi. Simama mgongo ukutani, vuta kiwiko cha kulia kipite mbele ya kifua kwa mkono wa kushoto. Linganisha na upande wa pili. Kama wa kulia unakwama mapema, shikilia hapo sekunde 30, mara 4 kila siku, bila kulazimisha.

Sasa babako. Anavuta, na kuvuta ndiko kunakojenga katikati ya mgongo, pale ambapo tenisi haipagusi. Mikono yake hufanya kazi chini ya usawa wa bega, ambapo kano hazibanwi. Mwendo wake ni wa polepole. Wavu mzito hauna kasi ya kusimamisha. Tena anatumia mikono yote miwili. Zaidi ya yote, alianza mdogo akivuta kidogo, mzigo ukakua naye mwaka kwa mwaka. Wewe ulishika raketi ukiwa mtu mzima, na nahisi ndani ya mwezi mmoja ulikuwa ukipiga sevu kwa nguvu zako zote.

Lakini kuna jambo moja babako halioni, na mwambie kwa adabu. Yeye yuko ufukweni kwa sababu bega lake lilimvumilia. Wale wenzake ambao mabega yao yaliwashinda waliacha bahari, wakafungua vibanda, wakaenda kulinda magodauni. Tukiwahesabu waliobaki tu, kila mvuvi ataonekana ana bega la chuma. Nimewatibu baadhi ya walioacha. Mmoja alikuwa hawezi kuvaa kanzu bila mkewe kumsaidia.

Kwa hiyo hamkuumbwa kwa maji. Punguza sevu iwe nusu kwa mwezi mmoja, fanya tyubu ya mwalimu wa Kisauni hapo juu, na alfajiri mbili kwa wiki mfuate babako ukamsaidie kuvuta wavu, mikono yote miwili, magoti yamekunjwa, kombe za mabega zikianza kabla ya viwiko. Akikubali, ningependa kumfungia ile mizani yangu ya samaki nimpime. Nadhani nguvu yake ya kwenda nje itawashinda wote niliowapima mwaka huu, na kama nimekosea nitaandika hapa hapa.